Mfuko Wenye Miguu

Mwaka 1966, nikiwa na miaka kumi na mbili, baba yangu alikwenda Lindi kukata mkonge na hakurudi. Hakufa. Alipata mke mwingine huko, na mke huyo alikuwa na mbwa mkali. Hapo ndipo shida zangu zilipoanza. Mama akaniambia, "Shule imekwisha, mwanangu. Jembe lile pale." Nilikuwa darasa la pili. Jembe halikuniuliza nimefika wapi.

Nimeanza na hayo ili ninyi vijana msije na ile huruma yenu. Sikusomeshwa na mtu. Nimelima vibarua Nambambo, nimebeba kuni, nimechota maji ya wenye maduka mpaka utosi ukaota sugu. Baadaye nikaingia serikalini, nikafanya kazi mpaka nikastaafu kwa heshima. Nilikuwa tarishi. Ndiyo, tarishi. Cheka umalize, halafu usome.

Tarishi ni mtu anayepeleka barua za ofisi. Siku hizi mjukuu wangu Zuhura anakaa masjala pale Ruangwa, anabofya kitu, barua inafika Dodoma kabla hajameza chai. Nikimwuliza imefikaje, ananiambia, "Babu, ni mfumo." Sawa. Na sisi tulikuwa na mfumo. Wetu ulikuwa na baiskeli.

Kazi niliipata kwa mtihani. Pale ofisi ya tarafa Ruangwa alikuwapo tarishi mzee, Mmakonde, Mzee Nankumba, aliyeanza kazi zamani za Mwingereza. Magoti yake yalikuwa yamekataa, akatakiwa atafute mrithi. Tulijitokeza vijana wengi. Akampa kila mmoja bahasha tupu, akatutuma sokoni tuzunguke na kurudi. Kumbe huko sokoni alikuwa amewapanga watu wa kutuuliza. Mmoja akaulizwa, "Hiyo barua inasema nini?" akajibu, "Sijui." Mwingine akajibu, "Ni siri." Mimi nikaulizwa na mama muuza dagaa, "Kijana, hiyo barua ya nani?"

Nikasema, "Barua gani?"

"Hiyo mkononi!"

"Hiki ni kipepeo changu. Leo kuna joto." Nikajipepea nayo nikaondoka.

Nankumba akasema, "Huyu. Anayesema 'sijui' ameshakubali kwamba anayo. Anayesema 'ni siri' ameshaita watu. Huyu ni mwongo wa kazi." Ndivyo nilivyoajiriwa. Nyumbani uongo ulinipatia viboko, serikalini ukanipatia kaptula ya kaki.

Sasa sikilizeni mambo ya kazi, maana hata kama barua zimekwisha, watu hawajaisha. Barua hukaa kifuani, haikai mgongoni, kwa sababu mgongo wa mpanda baiskeli hutoa jasho kuliko punda. Ukifika nyumba yenye mbwa, msalimie mbwa kwanza, mwenye nyumba atasubiri. Barua ya kupandishwa cheo itoe mlangoni, utapewa kuku. Barua ya uhamisho itoe baada ya kula. Nimekosa wali mwingi sana kabla ya kujifunza hilo. Na barua haiachwi dirishani, haiachwi kwa mke, haiachwi kwa jirani mwenye tabasamu. Inaachwa kwa mwenyewe, naye anasaini katika kitabu. Asiposaini, bado iko kwako hata kama yeye ameishika.

"Na ukiona simba?" nilimwuliza Nankumba.

"Simba akikula wewe, ofisi itaandika barua kuuliza mfuko uko wapi. Kwa hiyo tupa mfuko juu ya mti, halafu uliwe."

Alikuwa hatanii. Zamani zake walikuwa wanabeba barua katika kijiti kilichopasuliwa ncha, barua imebanwa huko juu kama bendera, ili kila mtu porini ajue huyu ni wa serikali, asizuiwe. Aliniambia kisa cha mabwana shauri wawili, Wazungu wakuu wa wilaya, mmoja wa Nachingwea, mmoja wa Lindi, waliogombea kiti cha kukunja. Wa Nachingwea aliandika kwamba kiti ni chake, kilisahaulika Lindi kwenye mkutano. Wa Lindi akajibu kwamba anasikitika sana, hakuna kiti. Nankumba akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, kwa miguu. Kila barua ilikuwa na matusi ya Kizungu katikati, na mwisho imeandikwa, "Mimi, bwana, ni mtumishi wako mtiifu." Karani alimtafsiria. Nankumba akauliza, "Kama ni mtumishi wake mtiifu, kwa nini asimpe kiti?"

Mwishowe wote wawili wakarudishwa Ulaya. Nankumba akashukuru Mungu. Wakaja mabwana shauri wapya, wala hawajuani. Asubuhi yule mpya wa Nachingwea akafungua jalada, akaona barua ya mwisho haijajibiwa. Akaijibu. Nankumba akavaa viatu.

"Jalada likishafunguliwa," aliniambia, "lina uhai wake. Watu hufa, jalada hudai."

Nilicheka siku ile. Sikujua kwamba jalada linalokuja ni langu.

Nilikuwa nimemchumbia binti wa Naipingo, Asumini. Alikuwa amemaliza darasa la saba, na hilo mjomba wake hakuacha kunikumbusha. Kwetu Wayao mjomba ndiye mwenye neno. Huyu mjomba, Mzee Chitenje, alikuwa mtu wa sauti nene na subira nyembamba. Na kulikuwa na mwingine aliyemtaka Asumini: dereva wa lori la korosho tuliyemwita Hamisi Gea, mwenye redio na miwani ya jua. Mimi nilikuwa na baiskeli ya serikali na kofia.

Siku ya harusi ikapangwa, Ijumaa, baada ya swala. Nikaomba ruhusa kazini.

Hapa mnielewe vizuri. Siku hizo Ruangwa haikuwa wilaya, mambo ya ruhusa yaliamuliwa Nachingwea. Ombi liliandikwa Ruangwa, likapita kwa Katibu Tarafa wetu, likaingia katika mfuko wa barua, ukafungwa, ukapigwa lakiri. Nani anapeleka mfuko Nachingwea? Mimi. Nikabeba ombi langu mwenyewe kama konokono aliyebeba nyumba yake. Nikalikabidhi masjala kwa karani Benedikti, Mmakua, mtani wangu. Nikarudi Ruangwa kusubiri jibu ambalo lazima nilifuate mimi.

Jibu likachelewa. Nilipolifuata ilikuwa Alhamisi, na kesho yake ndiyo harusi. Benedikti akanipa mfuko uliofungwa, akakonyeza jicho.

"Mtani, leo mfuko una harufu ya pilau."

"Wamekubali?"

"Mimi sijasema kitu. Nimesema harufu."

Nikafurahi. Nikamwambia, "Basi nitolee barua yangu hapa hapa. Naipingo ni karibu, Ruangwa ni mbali. Nioe kesho, mfuko nitaupeleka nikimaliza."

Benedikti akavua miwani. Alikuwa mtu mzuri, lakini akivua miwani alikuwa serikali. "Barua hii imeandikwa kwa mwombaji, kupitia kwa Katibu Tarafa, Ruangwa. Ruhusa inaanza pale Katibu atakapoipokea na kuipiga mhuri."

"Mwombaji si mimi?"

"Mwombaji yuko Ruangwa, kituoni kwake."

"Benedikti! Mimi huyu hapa!"

"Wewe hapa si wewe. Wewe hapa ni tarishi. Ni mfuko wenye miguu. Mwombaji akiwa Nachingwea bila ruhusa, huo ni utoro, na mimi nitalazimika kuandika." Kisha akavaa miwani, akawa mtani tena. "Piga pedeli, Myao. Hata Mngoni alipowakimbiza ninyi hamkukaa kuuliza."

Kuacha mfuko ningeweza? Ningeweza. Ningefukuzwa kazi, na Mzee Chitenje alikuwa ameshasema mpwa wake haolewi na mtu asiye na kazi. Nikienda na mfuko, nakosa harusi. Nikienda harusini, nakosa kazi, halafu nakosa mke kwa kukosa kazi. Niligeuza mambo yale kichwani kama mtu anayetafuta upande wa kuvaa fulana. Pande zote zilikuwa na mashimo.

Nikapitia Naipingo kuwaarifu. Wanawake walikuwa wanachambua mchele. Mzee Chitenje alikuwa amekaa kwenye kigoda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kuoa mapema?"

"Hapana, mjomba. Napeleka barua Ruangwa."

"Barua ya nini?"

"Ya kuniruhusu nije huku."

"Lakini uko huku."

"Niko huku kikazi. Kibinafsi niko Ruangwa."

Wanawake waliacha kuchambua mchele. Mmoja akasema, "Jamani, huyu amepigwa na jua." Mzee Chitenje akasimama. "Sikiliza wewe uliye sehemu mbili. Kesho baada ya swala nataka kumwona yule wa kibinafsi. Asipoonekana, kuna mtu ana lori, naye akija huja mzima mzima."

Asumini alinisindikiza mpaka njiani. Nilidhani atalia. Akapapasa gurudumu la nyuma, akasema, "Halina upepo wa kutosha. Pampu unayo?"

"Ninayo."

"Basi jaza, uende. Na ukichelewa nitakuja kukuchukua mwenyewe, kama mzigo uliosahauliwa stendi."

Nikadhani ni maneno ya kunituliza.

Ile safari sitaisimulia yote, maana bado nikiikumbuka makalio yanauma. Mvua ilininyeshea yote iliyokuwa inadaiwa na wakulima wa wilaya nzima. Mnyororo ukakatika. Kuna mahali sikuwa napanda baiskeli, baiskeli ilikuwa inanipanda mimi, begani, naogelea tope. Mfuko niliuvika kofia yangu, nikauvika na shati, nikabaki na fulana. Giza likanikuta nikalala kwa mkulima mmoja aliyenipa ugali wa mhogo, nikaondoka kabla jogoo hajamaliza sentensi.

Ruangwa niliingia asubuhi ya Ijumaa. Mlango wa ofisi umefungwa kwa kufuli.

Katibu Tarafa alikuwa amekwenda kijijini kwenye mkutano wa nguruwe pori. Nikauliza, mhuri ameacha na nani? Swali la kijinga. Katibu wetu hakuwahi kuacha mhuri. Alilelewa ukarani na Waingereza, na mhuri alitembea nao katika mfuko wa koti, umefungwa ndani ya kitambaa kama hirizi. Watu walisema akilala anauweka chini ya mto, mkewe analala upande wa pili wa serikali.

Nikakaa barazani. Nimekumbatia mfuko. Maji yananitoka kwenye viatu. Mzee Nankumba, ambaye alikuwa ameshastaafu lakini hakujua pengine pa kwenda, akaja akakaa karibu yangu.

"Mzee," nikamwambia, "niuache mfuko nikimbie?"

"Ukiuacha, mimi nitakuona," akasema. "Na mimi ndiye niliyekuchagua."

"Basi nitakosa mke."

"Utakosa mke." Akavuta ugoro. "Mimi nilikosa wawili kwa ajili ya kile kiti cha kukunja."

Adhana ya Ijumaa ikasikika. Watu wakaenda kuswali, wakarudi, wakanikuta pale pale. Naipingo pilau lilikuwa linapakuliwa, nikajua, na Hamisi Gea amevaa miwani yake. Sikulia. Macho yalikuwa yamelowa tangu jana, hakuna aliyeweza kutofautisha.

Kabla ya alasiri ndipo nikasikia lori.

Lilikuja likipiga honi kama limeibiwa. Juu ya magunia ya korosho walikaa wanawake wa Naipingo wanapiga vigelegele, ngoma inadunda, masufuria yamefunikwa kwa kanga. Shehe wa Naipingo ameshika kilemba chake kwa mikono miwili. Mzee Chitenje amesimama kama jemadari. Na katikati yao, juu kabisa, amekumbatia sufuria la pilau ili lisimwagike, na koti limejaa vumbi la magunia, alikaa Katibu Tarafa wangu.

Kumbe gari lake lilikuwa limekufa njiani. Watu wa lori walisimama msikiti wa kijiji fulani kuswali Ijumaa, akawaomba lifti. Mzee Chitenje akamwambia, "Panda, lakini hapa kila mtu anashika kitu." Akapewa sufuria. Hawakujua ni nani, naye njia nzima hakusema, maana mkubwa wa serikali aliyeshika sufuria hana namna nzuri ya kujitambulisha.

Mlango wa mbele wa lori ukafunguka. Asumini akashuka, amevaa nguo zake za harusi, viatu mkononi kwa sababu ya tope.

"Nilikwambia," akasema. "Umefunga breki wapi?"

Hamisi Gea akachungulia dirishani, akashusha miwani. "Usinishukuru. Nimekubali kuendesha kwa sababu nilitaka kumwona mwanamume anayeshindwa na bahasha." Akanitazama kuanzia viatu mpaka fulana. "Nimemwona. Haki ya Mungu, safari imelipa."

Mzee Chitenje akaruka chini. "Haya! Mpwa wangu amekesha ananiambia kwamba mtu anayeogopa kuacha mfuko wa watu hataacha mke. Sijui kama ni akili au ni shule. Nimechoka kubishana. Huyo mhuri yuko wapi, nimwone ana sura gani?"

"Ninao mimi," ikasema sauti kutoka juu ya lori. "Kwanza nipokeeni hili sufuria."

Katibu akashuka. Akakung'uta koti. Akafungua ofisi, akakaa kwenye kiti chake, akanyoosha mkono. Harusi nzima imejaa dirishani. Nikampa mfuko. Akakagua lakiri, nzima. Akafungua, akapanga barua za pamba, za shule, za nguruwe, moja moja, hana haraka. Ya mwisho kabisa ikawa yangu. Akafungua kitambaa, akapuliza mhuri, akagonga. Paa!

Vigelegele.

"Bado," akasema. Akasoma. "Ruhusa imekubaliwa. Tangu sasa wewe si tarishi, u mwombaji." Nikataka kumkumbatia, akainua kidole. "Lakini ruhusa hii ni ya kwenda Naipingo kuoa. Naipingo iko hapa?"

Mzee Chitenje akasema, "Naipingo yote iko nje, bwana. Imebaki miti."

"Miti ndiyo iliyoandikwa." Katibu akaegemea kiti, akafikiri. Niliona jalada langu linafunguka tena, niende Naipingo, wao warudi, pilau lioze. Kisha nadhani akakumbuka lile sufuria, maana alitazama koti lake lenye mafuta ya pilau, akachukua kalamu akaandika dokezo pembeni ya barua, akilisoma kwa sauti: "Harusi imehamishiwa kituoni, kwa maslahi ya kazi." Akagonga mhuri tena.

Hivyo ndivyo nilivyooa kwenye baraza la ofisi ya serikali, nikiwa na fulana. Shehe alifungisha ndoa, Mzee Nankumba akawa shahidi, Hamisi Gea akala kuliko wote.

Tulipomaliza, Mzee Chitenje akasema, "Nimeambiwa hapa hakitoki kitu wala hakiingii bila kusainiwa. Mimi nimetoa mpwa. Nani anasaini?" Watu wakacheka. Nikatoa kitabu changu cha kukabidhi barua, nikashika kalamu nioneshe kwamba na mimi ni mtu wa maandishi. Asumini akaninyang'anya.

"Anayepokea ni nani? Aliyefunga safari ni mimi."

Akaandika kwa mwandiko wa darasa la saba, akisoma ili kila mtu asikie. Kilichopokelewa: tarishi, mmoja. Hali yake: kimelowa, kimechelewa. Akatia sahihi. Katibu, kwa mazoea tu, mkono ukaenda wenyewe: paa!

Ninyi mnaoandikiana kwenye simu, mnaachana kwenye simu, mnarudiana kabla chaji haijaisha, siwalaumu. Zuhura aliniambia juzi kwamba barua moja imekwama siku nyingi kwenye mfumo, kwa sababu mkubwa yuko safarini na ni yeye tu mwenye namba ya siri ya kuipitisha. Nikamwuliza, "Anatembea nayo mfukoni?" Akasema, "Iko kichwani, babu." Nikamwambia atafute lori.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma Naipingo, bati juu, sakafu ya saruji. Nina shamba la mikorosho na lingine la ufuta. Nina mbuzi. Nina ng'ombe wawili, wamelala kwa jirani yangu Msukuma kwa sababu mimi naogopa pembe. Nina kisima. Nina redio. Nina baiskeli, si ya serikali. Nina kofia ya kaki.

Mke simwandiki hapa. Yeye ndiye aliyesaini.